Chupa Tupu ya Msellem

Wanaonifahamu wanajua kwamba sisafiri kwa ajili ya milima wala majengo. Nasafiri kuangalia watu wanavyokula na wanavyogombana, kwa sababu katika mambo hayo mawili hakuna taifa linaloweza kuficha tabia yake. Ulingano nilikaa muda wa kutosha kuyaona yote mawili, na ninayoyaandika hapa niliyashuhudia mwenyewe, isipokuwa pale nitakaposema niliambiwa. Jinsi nilivyofika huko haimsaidii mtu. Nilifika, na nilikuwa na njaa.

Ulingano ni nchi ndogo, safi, yenye watu wakarimu na sheria moja inayozitawala nyingine zote: ni marufuku kusifu kitu bila kusema ni bora kuliko nini. Ukiulizwa habari za asubuhi, huwezi kujibu "Nzuri" ukanyamaza. Utajibu "Nzuri kuliko za jana," au "Nzuri kuliko za jirani," kisha ndipo utaruhusiwa kupita. Anayeshindwa kutaja cha kulinganisha husimamishwa juu ya kigoda sokoni mpaka akitaje. Niliwaona mabwana harusi wawili wakitoka jasho juu ya vigoda hivyo kwa kosa la kusema bibi harusi ni mzuri, basi. Mmoja alikuwa huko tangu asubuhi, na mama mkwe wake alikuwa amesimama mbele yake akisubiri kusikia jina litakalotajwa.

Kwa sababu ya sheria hiyo, chakula cha wageni huletwa kwa sahani mbili. Ya kwanza ni chakula chenyewe. Ya pili ni cha kulinganishia, kilichopikwa vibaya kwa makusudi ili mgeni apate kukisifu kile cha kwanza kwa halali. Na kupika vibaya kwa kiwango kinachotakiwa si kazi ya mtu yeyote tu. Ukizidisha, mgeni anaugua. Ukipunguza, hakuna tofauti. Mpishi mkuu wa chakula kibaya katika mji ule alikuwa Msellem, na ndiye aliyenipa chumba nyumbani kwake.

"Onja pilau hii, ndugu yangu mgeni," aliniambia siku ya kwanza, uso umemng'aa. "Chini imeungua, juu mbichi, katikati imekuwa uji. Kuyapata yote matatu katika sufuria moja kunataka kipaji."

Nilionja, nikaomba maji. Kidawa, mkewe, mshonaji wa mapazia na mwanamke wa maneno machache, alinisogezea sahani nyingine. "Kula hii niliyopika mimi, shemeji," alisema. "Hiyo yake hata kwa heshima ya ndoa sijawahi kuimaliza." Msellem alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikajua kwamba nyumba ile nitaipenda.

Siku moja alikuwa akinionyesha namna ya kuliharibu tui la nazi, mara akainama na kushika juu ya kitovu. Tukamcheka. Mtu anayekula kazi yake mwenyewe, tulisema, hana haki ya kulalamikia tumbo. Lakini maumivu yalimpenya hadi mgongoni, akaanza kutapika, na alipoinua uso ulikuwa umebadilika rangi. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani, na njiani hakuna aliyefanya mzaha.

Tabibu aliyetupokea aliitwa Salhina, mama mrefu mwenye mwendo wa taratibu na sauti ya taratibu zaidi. Alitueleza vizuri, nami namsifu kwa hilo, kuliko nilivyowahi kuelezwa kwetu. Nyuma ya tumbo la chakula, alisema, pana kongosho, ambalo kazi yake ni kutengeneza maji makali ya kusaga tunachokula. Kijiwe kilichotoka kwenye nyongo kilikuwa kimeiziba njia ya maji hayo. "Sasa maji yale hayajui kutofautisha nyama ya ng'ombe na nyama ya mwenye nyumba," alisema. "Yamegeuka kulisaga kongosho lenyewe, na sehemu yake imekufa."

Majuma yakapita. Kijiwe kilikuwa kimekwisha ondoka, lakini nyama iliyokufa ilibaki nyuma ya tumbo, mwili ukaizungushia utando wake, ikakaa humo kama kiporo kilichosahauliwa ndani ya bakuli lenye mfuniko. Tukaambiwa isipochokozwa huenda mwili ukaimaliza wenyewe. Kisha Msellem akaanza kutetemeka na kuwaka homa. Vijidudu vilikuwa vimeingia ndani ya mfuko ule, na sasa kiporo kilikuwa kimeoza kweli. Kidawa aliuliza kama mumewe anaweza kufa, na Tabibu Salhina akajibu kwamba anaweza. Nilimpenda mtu yule, na niliogopa.

Zamani katika nchi ile, niliambiwa, mgonjwa wa namna hii alipasuliwa tumbo kwa mbele na kusafishwa kwa mikono, na wengi walikwenda na maji. Sasa wameacha kuanza na kisu. Wanapitia mdomoni. Hutumia mrija mrefu laini wenye taa na jicho, wanaushusha hadi ndani ya tumbo la chakula, na hapo wanatoboa ukuta wa nyuma ili kuufikia ule mfuko wenye uozo. Utando wa mfuko nao sharti uwe umekomaa, usije ukapasuka. Juu ya mambo hayo mabingwa wote wa Ulingano wanakubaliana. Ugomvi unaanza baada ya tundu.

Chama cha kwanza kinaitwa Papo. Hao wakishatoboa na kuweka bomba dogo katika tundu hilo, papo hapo wanaingia ndani ya mfuko na kukwangua nyama yote iliyokufa, wamalize kazi kwa safari moja. Juu ya mlango wa jengo lao wamechonga: Ngojangoja huumiza matumbo. Chama cha pili kinaitwa Ngoja. Hao wakishaweka bomba wanauacha usaha ujimwage wenyewe ndani ya tumbo na kwenda na njia ya chakula, wanampa mgonjwa dawa, na hawakwangui ila homa ikikataa kushuka. Juu ya mlango wao wamechonga: Haraka haraka haina baraka. Kwetu methali hizo mbili hukaa katika kinywa kimoja na mtu huchagua ya kusema kulingana na hali. Huko wamezijengea nyumba mbili zinazotazamana, na watu wa nyumba hii hawanywi chai katika ile.

Ndani ya chama cha Ngoja kuna ugomvi mwingine mdogo, kama bomba liwe la plastiki jembamba au la chuma pana. Nilihudhuria mdahalo wake mmoja. Walikubaliana kwamba tofauti ni ndogo, kisha wakaendelea kugombania nani aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba tofauti ni ndogo, na mimi nikapitiwa na usingizi.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni rafu. Mbele ya hospitali, ikitazama barabara, kuna rafu ndefu ya chupa za kioo, kila moja ina jina la mgonjwa na la tabibu wake. Tabibu wa Papo akimkwangua mgonjwa, alichotoa hutiwa ndani ya chupa hiyo na kuwekwa hadharani. Chupa ikijaa, sifa zake zinafika hadi sokoni. Watu wa Ngoja, wasiotaka kushindwa, nao waliweka upande wao wa rafu: chupa tupu, zimesuguliwa zikang'aa, kila moja ushahidi wa mgonjwa asiyekwanguliwa. Jioni watu huja na watoto wao. Husimama kwanza mbele ya chupa zilizojaa na kusema "Lo." Kisha husimama mbele ya zilizo tupu na kusema "Lo" kwa sauti ya heshima zaidi. Niliuliza wenye majina yale wako hali gani sasa. Mlinzi wa rafu, kijana wa watu mwenye adabu, aliniambia kwamba kazi yake ni chupa.

Kumpanga mgonjwa katika chama ni kazi ya Bwana Shomvi, Karani wa Kibuyu. Alikuja wodini amevaa koti refu, amekumbatia kibuyu chenye kokwa nyeupe na nyeusi, sawa kwa sawa. Nyeupe ni Papo, nyeusi ni Ngoja. Damu ilinichemka.

"Uhai wa mtu mnaupigia bahati nasibu?" nilimuuliza.

"Mgeni, wewe unajua ipi ni bora?"

"Mimi sijui."

"Na mimi sijui. Mabingwa wetu wanajua, lakini kila mmoja anajua lake." Alikitikisa kibuyu polepole. "Bila hiki, Tabibu Mwinyihaji wa Papo angejichagulia wagonjwa wenye nguvu, na Bi Salhina wa Ngoja angejichagulia wale wanaoelekea kupona wenyewe. Halafu wote wawili wangetuletea matokeo mazuri, na sisi tungebaki vilevile hatujui."

"Na mke akikataa?" Kidawa aliuliza.

"Akikataa, amekataa, mama. Kibuyu hakimlazimishi mtu."

Kidawa alifikiri. Alimtazama Msellem, naye akatikisa kichwa kukubali. Kidawa akaingiza mkono kibuyuni, akatoa kokwa nyeusi. Nakiri kwamba nilikuwa nimekikasirikia kile kibuyu, na sasa ndicho kitu pekee cha Ulingano ambacho ningependa kukibeba nirudi nacho kwetu.

Niliruhusiwa kutazama. Tabibu Salhina aliushusha mrija kwa utulivu, akatoboa, akaweka kibomba kifupi cha chuma kilichofumwa kama kikapu, chenye midomo mipana huku na huku ili kisichomoke. Usaha ukamwagika kwa nguvu, na muuguzi akageuza uso. Homa ilishuka. Msellem akaanza kuwatania wauguzi kuhusu uji wa hospitali, ambao alisema una ubaya wa kujifunza kitabuni, hauna moyo. Chupa yake ikawekwa kwenye rafu, tupu, na watu wakaja kutupa hongera.

"Wapishi wenzangu wanasifiwa kwa sufuria zilizojaa," aliniambia. "Mimi leo nasifiwa kwa chupa isiyo na kitu. Dunia ina mambo."

Kisha homa ikarudi. Haikurudi kwa kishindo. Ilianza kwa kukosa hamu ya utani. Kidawa ndiye aliyeigundua kabla ya kipimo, kwa sababu mumewe aliletewa uji mbaya na hakusema neno. Siku iliyofuata alikuwa akitetemeka tena chini ya mablanketi mawili. Kidawa akamwendea Tabibu Salhina, nami nikafuatana naye.

"Tungoje, mama," tabibu alisema.

"Siku ile uliniambia mtangoja, na homa ikikataa mtaingia mkwangue kidogo. Hicho kipande cha pili kimekwenda wapi?"

Salhina alitupa jicho upande wa rafu. Hakuwa mtu mbaya, na niliona kwamba swali lilimuuma. "Kipo," alisema. "Lakini tukiingia, chupa itakuwa na kitu ndani."

Siku ya Mlinganisho Mkuu ilikuwa inakaribia, mji mzima utakapokuja kuzitazama chupa na kukipigia makofi chama kimoja. Upande wa Ngoja haujapata kuwa na safu ndefu namna ile ya chupa tupu. Habari zikaenea, na kabla ya chai ya asubuhi Tabibu Mwinyihaji wa Papo akawa ameingia wodini. Alikuwa mtu mfupi, mwepesi, mchangamfu, na mkononi alibeba chupa kubwa kuliko zote nilizoziona rafuni.

"Nipeni mimi," alisema. "Nitamkwangua hadi ukuta ung'ae."

"Ung'ae kwa damu," Salhina alijibu. "Humo ndani inapita mishipa, mwenzangu. Ile nyama ambayo haijalegea ukiivuta, unavuta na roho."

"Wagonjwa wangu wanalala mezani mara moja. Wako wanarudishwa mara ngapi?"

"Wangu wengi hawakwanguliwi kabisa."

Wote wawili walisema kweli. Hilo ndilo lililonichosha, kwa maana mtu anayebishana na uongo hupumzika akiufichua, lakini kweli mbili zikigombana hakuna anayekwenda kulala. Suala likapelekwa kwenye baraza la mji, linaloongozwa na Bwana Shomvi, na sheria ya Ulingano inataka baraza likae mbele ya chupa inayobishaniwa. Chupa ililetwa. Mgonjwa naye akasukumwa na kitanda chake hadi uani, akawekwa pembeni, kwa sababu sheria haikusema aletwe lakini haikusema pia aachwe.

Wasemaji walikuwa wengi na walisema vizuri. Mtaalamu mmoja wa Ngoja aliuliza kama chupa yenye vijiko viwili vya uozo inaweza bado kuhesabiwa kuwa tupu, ukiilinganisha na iliyojaa. Mwingine wa Papo akajibu kwamba hiyo ni hila, kwani chupa ni kama mimba, ama ipo ama haipo. Watu wakacheka, na hata mimi nilicheka, nikaona aibu. Pembeni Msellem alikuwa amefumba macho na meno yanagongana. Bwana Shomvi alikuwa akimwita msemaji mwingine, na mwingine.

Kidawa alisimama. Nilidhani anataka kusema, na Bwana Shomvi naye alidhani hivyo, akamwonyesha mahali pa kusimama. Hakwenda mahali pale. Alikwenda mezani, akaichukua ile chupa tupu yenye jina la mumewe, akaipiga chini. Kisha akaichukua mikononi mwa Tabibu Mwinyihaji ile kubwa, naye Mwinyihaji akaiachia kwa mshangao, ikaenda njia ileile. Vioo viliruka hadi miguuni mwetu.

"Sasa hakuna cha kujaza na hakuna cha kuacha tupu," alisema. "Mtazameni mume wangu."

 Bwana Shomvi alisema kwamba hakuna sheria inayokataza jambo lile, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kulifikiria. Mabingwa wawili walikuwa wamesimama mikono mitupu. Meza haikuwa na kitu cha kutazamwa, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yao yakahamia kitandani.

Salhina ndiye aliyesogea kwanza. Alimwekea Msellem mkono tumboni, juu ya kitovu. Mwinyihaji akashika kifundo cha mkono wake, akahesabu mapigo ya moyo, akakunja uso.

"Unaumwa wapi, baba?" Salhina aliuliza.

Msellem akaonyesha. Mwinyihaji akauliza amekunywa maji lini, na Kidawa akajibu. Wakatazamana wale wawili, wakasemezana kwa sauti ya chini, na nilichosikia ni Mwinyihaji akisema, "Bomba litakuwa limeziba, kuna vipande," na Salhina akisema, "Tuingie, lakini vilivyolegea tu." Mwinyihaji akasema, "Vilivyolegea tu." Wakakisukuma kitanda wenyewe kukirudisha ndani, mmoja mbele, mwingine nyuma, na baraza likabaki na vioo vyake.

Niliambiwa yaliyofuata na muuguzi, kwa kuwa mlangoni nilizuiwa. Salhina alishika mrija, Mwinyihaji akaongoza kijiwavu kidogo cha kunasia uozo, kinachopenya ndani yake. Walitoa vipande vilivyokuwa vikielea na kuziba, na walipofika kwenye nyama iliyoshikamana, mkono wa Mwinyihaji ulitaka kuendelea kwa mazoea. Salhina hakusema kitu. Alimgusa kiwiko tu, naye akaacha. Walichokitoa kilitiwa katika beseni la kawaida na kumwagwa chooni pamoja na uchafu mwingine, na hakuna aliyekipima.

Homa ilishuka kesho yake, haikurudi tena. Baada ya majuma machache bomba likatolewa kwa njia liliyoingilia, kwa sababu chuma kikikaa mno mle ndani hukwaruza mishipa, na juu ya hilo vyama vyote viwili havina ugomvi. Msellem alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, lakini alikaa uani juani na kikombe cha uji, Kidawa kando yake na sindano yake na pazia la mtu magotini. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akinywa uji.

Asubuhi ya Mlinganisho Mkuu baraza likaja kwake na viti vyao. Kulikuwa na shida. Mgonjwa huyu hakuwa na chupa, kwa hiyo hawakujua wamhesabu wapi. Watu wa Papo walisema amekwanguliwa, basi ni wao. Watu wa Ngoja walisema amengojwa kwanza, basi ni wao. Mabingwa wenyewe wakatumiwa mtu wa kuwaita, ikasemekana wako wodi ya wanawake, wote wawili, wamekaa kitandani kwa mgonjwa mpya na kumuuliza maswali, na kwamba wamesema wasisumbuliwe. Bwana Shomvi alivuta pumzi. Akasema kwamba kwa kuwa ushahidi umevunjika na mashahidi wamekataa kuja, imebaki kumuuliza mwenyewe.

"Bwana Msellem," alisema, "baraza linakuuliza. Katika mashindano haya, aliyeshinda ni nani?"

Msellem alikiweka kikombe chini. Akawatazama mmoja mmoja, na mimi niliyekuwa naijua mizaha yake nilikitafuta kicheko usoni mwake nisikione.

"Mashindano?" alisema. "Mimi nilidhani naumwa."